Wifi Yangu na Alama za Tetemeko

Wifi yangu alivunjika mguu siku ardhi ilipotikisika mjini kwetu, na mpaka leo watu wakitaka kumtania humuuliza kama alikuwa anacheza muziki jukwaani. Hakuwa anacheza. Alikuwa kazini. Yeye ni mkalimani wa lugha ya alama: mtu akizungumza, yeye husimama pembeni na kuyapitisha yale maneno kwenye mikono ili viziwi wayaone. Asubuhi hiyo palikuwa na mkutano wa afya ukumbini. Ofisa mmoja alikuwa anaeleza habari za chanjo, na viziwi walikuwa wamekaa safu ya mbele kama kawaida yao, mahali ambapo hakuna kichwa cha mtu cha kuwaziba.

Mimi nilikuwa nyumbani kwenye cherehani, maana nashona sare za shule. Nilisikia kama lori kubwa linapita chini ya sakafu. Mkasi ukacheza mezani ukaanguka, uzi ukaviringika mpaka uvunguni mwa kabati, kuta zikalia. Kabla sijajua nikimbilie wapi, kukawa kimya.

Kule ukumbini viziwi hawakuhitaji kuambiwa kwamba panatikisika. Walikuwa wameshahisi miguuni. Walichotaka kujua ni kitu gani kinatikisa. Safu nzima ikamkazia macho wifi, na mwenyekiti wao akainua mkono akamuuliza, "Nini hiki?" Wifi akanyanyua mikono yake ajibu, na hakikutoka kitu. Hakuwa na alama ya tetemeko la ardhi, wala wao hawakuwa nayo, kwa sababu mjini kwetu hakuna aliyewahi kuihitaji. Akatikisa viganja hewani kama mtu anayepepeta mchele. Wakatazamana. Wakati huo wenye kusikia walishaanza kukimbilia milango, wengine wakapanda jukwaani kufuata mlango wa nyuma, wakamsukuma wifi akaenda chini na kiti juu yake.

Hospitali walimfunga plasta ngumu kutoka pajani hadi kwenye vidole. Anaishi peke yake ghorofa ya juu, na ngazi asingeziweza, kwa hiyo kaka yake, yaani mume wangu, alimleta kwetu. Tukamlaza kwenye kochi refu la sebuleni, hatua chache kutoka kwenye cherehani yangu.

Anayemjua wifi anajua kwamba kumlaza kitandani ni adhabu kwa nyumba nzima. Ni mtu ambaye hata akiomba chumvi mezani, mikono yake nayo inaomba. Siku za kwanza alinung'unikia mto, chai, redio ya jirani na namna ninavyokanyaga pedali. Halafu asubuhi moja nikaona ametulia tuli, simu iko karibu na pua, hata chai imepoa.

"Unaangalia nini?" nikamuuliza.

"Namtafuta aliyenipiga."

Nilidhani anamsema mtu aliyemsukuma. Akanigeuzia simu. Ilikuwa ramani ya dunia iliyojaa nukta, nyingine ndogo kama punje ya ulezi, nyingine kubwa.

"Kila nukta ni tetemeko," akasema. "Ukiigusa inakwambia limetokea wapi, saa ngapi, kina chake, ukubwa wake. Hili hapa limetokea wakati wewe unakaanga mayai. Wifi, dunia inatetemeka kila siku na sisi hatuna habari."

Nikavuta kiti. Niliona kitu ambacho pengine ni jicho la fundi nguo tu linaloweza kukiona haraka. Nukta hazikumwagika ovyo. Zilijipanga kwenye mistari mirefu inayozunguka bahari na kukata mabara.

"Mbona ni kama mishono," nikasema.

Akaisogeza ramani karibu zaidi nami. "Ndivyo ilivyo hasa. Ganda la dunia ni vipande. Wanaviita mabamba. Hapo kwenye mshono ndipo vinapokutana na kusuguana." Akacheka peke yake. "Nimesoma kurasa tatu kulielewa jambo hilo, na wewe umeliona umeshika pindo la sketi."

Kuanzia hapo hakuna aliyesikia tena habari za mto. Nimeishi na watu wa kusoma, mume wangu mwenyewe ni karani anayependa magazeti, lakini sijaona mtu anajifunza kama wifi alivyojifunza kwenye lile kochi. Alipata masomo ya bure ya chuo kikuu kimoja cha mbali, yenye video fupi na maswali mwisho wa kila somo. Akikosa swali hasemi limekosewa kuandikwa, anarudi mwanzo. Alipata ukurasa unaoonyesha mistari ya vipimo vya matetemeko moja kwa moja, ile mistari inayopanda na kushuka kila ardhi inapopumua, akawa anaufungua asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Alipata mwingine unaouliza watu: je, ulihisi? Akajaza majibu yote, vyombo vilianguka au havikuanguka, kuta zilipasuka au hazikupasuka. Akanifanya na mimi nijaze yangu, na jirani, na muuza duka wa pembeni. Kesho yake mji wetu, ambao kwenye ramani ya ukurasa huo ulikuwa mtupu, ukapata rangi ya mahali palipohisiwa.

"Sasa wanajua tupo," akasema, na nilimwona amefurahi kuliko siku alipopewa magongo.

Mimi nikawa darasa lake. Ilibidi. Siku moja alichukua mpira wangu wa viuno vya kaptula, akanipa ncha moja niishike.

"Vuta kidogo. Sasa nausukuma huku kwangu kuja kwako. Umeuhisi?"

"Nimeuhisi."

"Hilo ndilo wimbi la kwanza. Linasukuma na kuvuta, lina mbio, halina madhara makubwa. Sasa angalia hili." Akautikisa mpira juu na chini ukapiga mawimbi kama nyoka. "La pili. Linachelewa, lakini hili ndilo linaloyumbisha nyumba. Yanatanguliana. Ukihisi la kwanza, ujue la pili liko njiani."

"Muda gani?"

"Inategemea uko mbali kiasi gani na kitovu. Ukiwa karibu, ni kufumba na kufumbua."

Somo lililomgusa kuliko yote halikuwa la mawimbi. Lilikuwa la watu wanavyoumia. Alilisoma mara mbili, kisha akaniita na sauti yake ilikuwa imeshuka. Wanasema wengi hawaumizwi na ardhi, bali na vitu vinavyowaangukia na mbio za kukimbilia milangoni wakati sakafu bado inacheza. Ushauri wao ni inama, jikinge chini ya meza imara, shikilia mpaka kutulie, ndipo utoke.

"Kwa hiyo lililonivunja mguu si tetemeko," akasema. "Ni sisi wenyewe. Na viziwi wangu walibaki wamekaa wananitazama mimi."

Wiki hiyohiyo mwenyekiti wa viziwi alikuja kumjulia hali. Jina lake la alama ni Kovu. Unaligusa kwa kidole juu ya nyusi, pale alipopasuka utotoni. Ni mtu mrefu, mchapaji katika kiwanda cha vitabu, na ana namna ya kuuliza swali ambayo huwezi kuikwepa. Kwa kuwa mimi alama zangu ni za kuombea maji tu, wifi alikuwa ananisemea pembeni.

"Siku ile nilidhani mashine ya kiwandani imenifuata ukumbini," Kovu alisema kwa mikono. "Nikakuuliza. Hukunijibu. Sasa umelala na simu. Umepata jibu?"

Wifi akamwonyesha ile ramani, kisha video ya mabamba yanavyosuguana. Kovu akaitazama kwa makini, akarudia, akatikisa kichwa. Picha zilikuwa nzuri lakini maelezo yalikuwa ya kusikiliza, na yale ya kusomwa yalikuwa kwa lugha ambayo wengi wa wenzake hawakuisoma.

"Haya ni mazuri," akasema. "Lakini yanazungumza na wewe. Hayazungumzi na mimi."

Wifi akaizima simu akaiweka kando. Halafu akasema, "Basi tuyafanye yazungumze na wewe."

Hivyo ndivyo sebule yangu ilivyogeuka kuwa sijui niite nini. Kovu alikuja na wenzake wawili, dada mmoja mwalimu wa shule ya viziwi na mume wake. Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta alama. Wifi alikuwa ameshajitengenezea za kwake, akazitoa kwa kujiamini. Kwa wimbi alitumia alama ya wimbi la baharini. Kovu akaikataa palepale.

"Hiyo ni maji. Mtoto ataniuliza bahari imeingiaje chini ya nyumba."

"Sasa unataka ipi?"

Kovu akalaza mkono mmoja ubapa kama sakafu, akaupitisha mwingine chini yake ukisukuma, na ule wa juu ukarukaruka. Hata mimi, nilipoinua macho kutoka kwenye kola niliyokuwa naigeuza, nilielewa. Wifi alibishana kidogo kwa sababu kubishana ni afya yake, kisha akaacha. Baadaye aliniambia, "Hii lugha ni yao. Mimi ni mlango tu. Siwezi kuanza kupanga samani za ndani."

Walitafuta alama ya tetemeko lenyewe, ya ufa, ya bamba, ya kitovu, ya matetemeko madogo yanayofuata lile kubwa. Hiyo ya mwisho iliwatoa jasho. Mwalimu ndiye aliyeipata: ngumi kubwa, halafu vingumi vidogo vinavyoifuata vikififia, lakini macho yabaki yamefunguka wazi, maana mojawapo linaweza kuja na nguvu.

Mume wangu akirudi kutoka kazini anakuta kochi limesogezwa, kitambaa changu cha bluu cha sare kimetundikwa ukutani, na yeye anakabidhiwa simu apande kwenye kigoda arekodi video za masomo yao. Hakulalamika. Alisema ni mara ya kwanza dada yake amempa kazi ambayo haihitaji kumsikiliza.

Kabla ya kuzituma zile video, wifi aligoma. Aliogopa asije akafundisha uongo kwa mikono safi. Kwenye ukurasa wa kituo cha utafiti wa matetemeko cha nchi yetu palikuwa na anwani ya barua pepe. Akaandika akieleza yeye ni nani na anataka nini, akaambatisha maelezo ya kila video. Nilimwambia watu wa ofisi kubwa hawajibu barua za mtu aliyelala kwenye kochi. Nilikosea. Mtaalamu mmoja, mama wa makamo kwa sauti yake tulipokuja kuisikia, alijibu kwa kirefu, mstari kwa mstari. Alisifu, kisha akarekebisha jambo moja: wifi alichanganya ukubwa wa tetemeko na ukali wake. Akaeleza hivi: taa ina nguvu yake moja tu, lakini mwanga unaoupata unategemea umekaa mbali kiasi gani. Ukubwa ni nguvu ya taa. Ukali ni mwanga ulipo wewe.

"Umeona mtu anayejua?" wifi akasema. "Hajanidharau hata nukta." Video ile wakairudia yote.

Zilipoanza kusambaa kwenye vikundi vya simu vya viziwi, nilianza kuona nyuso ngeni mlangoni. Mama mmoja alileta ndizi. Mwingine alikuja kuuliza kama kitanda cha mwanawe kikae dirishani au la. Wifi alimjibu, na asichokijua alisema sijui, kisha akatafuta.

Halafu ukaja ule ujumbe.

Uliingia mchana kwenye simu za mji mzima, na muhuri wa ofisi ambayo haipo: tetemeko kubwa kuliko la kwanza litapiga leo saa mbili usiku, wataalamu wamethibitisha, watu wote walale nje. Kufikia jioni mtaa wetu ulikuwa umetoa magodoro. Mawingu yalikuwa mazito, watoto wachanga wamefungwa mablanketi, na muuza duka alikuwa anafunga mapema. Kovu alifika anahema. Simu yake ilikuwa imejaa video za wenzake, wote wanauliza jambo moja: ni kweli?

Mume wangu hakuona ugumu. "Waambie ni uongo. Waambie hakuna kitu kitatokea, waingie ndani wasije wakanyeshewa."

"Ni uongo, nitawaambia," wifi akasema. "Lakini siwezi kusema hakuna kitu kitatokea."

"Kwa nini? Si umesema mwenyewe hakuna anayeweza kutabiri?"

"Ndiyo hiyo. Hakuna anayeweza. Yule aliyeandika hawezi kusema litakuja saa mbili, na mimi siwezi kusema halitakuja. Nikisema halitakuja nimekuwa sawa na yeye, tofauti ni kwamba mimi nina sura nzuri."

"Wewe, watu wana hofu. Wanataka neno moja la kuwatuliza."

"Kaka, nikiwapa neno la uongo leo, kesho nikisema la kweli watalijuaje?"

Mume wangu ni mtu mpole lakini hakupenda, nilimwona. Na mimi, nisifiche, moyoni nilikuwa upande wake. Nilitaka kulala. Wifi akamgeukia Kovu, wakazungumza kwa mikono kwa kasi, na hakuna aliyenitafsiria, kisha wakakaa wote wawili mbele ya kitambaa cha bluu. Kovu ndiye aliyesema. Wifi aliyarudia baadaye maneno yake kwa sauti ili na majirani wayasikie, na nimeyashika mpaka leo.

"Huu ujumbe ni wa uongo. Hakuna mtu duniani anayeweza kutaja siku wala saa ya tetemeko. Anayekutajia saa, usisambaze ujumbe wake. Matetemeko madogo ya kufuatia yanaweza kuja wakati wowote, leo, kesho, mwezi ujao, au yasije. Kama nyumba yako ina nyufa kubwa, usilale humo, leo wala kesho, mpaka ikaguliwe. Kama ni nzima, lala. Ondoa vitu vizito juu ya kichwa chako. Weka viatu na tochi karibu. Likija, unajua la kufanya."

Yule mtaalamu alituma tangazo la kituo chake likisema vilevile. Baadhi ya majirani waliingia ndani, wengine walibaki nje wakanyeshewa. Saa mbili ilikuja ikapita kama saa mbili nyingine yoyote.

Kesho yake walikuwapo waliomcheka wifi. Muuza duka alimwambia, "Ungesema tu halitakuja, leo ungekuwa nabii." Wifi akamjibu kwamba kazi hiyo imejaa watu tayari.

Wiki kadhaa zilipita. Plasta ilikatwa ikawa fupi, akawa anazunguka nyumba kwa magongo akinikosoa vishikizo. Asubuhi moja nilikuwa nakata kitambaa kwenye meza yangu kubwa, naye amesimama dirishani, nikahisi mshtuko mdogo, kama mtu amepiga teke mguu wa meza.

"La kwanza hilo," wifi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Chini."

Sikuuliza. Nilimshika kiuno tukaingia wote chini ya meza, mguu wake wa plasta ukabaki nje kama mpini wa jembe, na la pili likafika. Vyombo viliita, pasi ikaanguka pale nilipokuwa nimesimama. Nilishika mguu wa meza kwa mikono miwili na yeye akanishika mimi. Nilitaka kukimbia, mwili mzima ulitaka mlango. Nilibaki kwa sababu yeye alibaki. Kulipotulia alinitazama machoni, akasema, "Umefaulu mtihani," nikaanza kucheka na kulia vyote pamoja.

Kiwandani kwa Kovu mambo yalikuwa mazito zaidi. Alikuwa kwenye mashine alipohisi mshtuko miguuni. Hakungoja. Alimvuta mwenzake wa karibu, wakaingia chini ya meza ya chuma, na wengine walipomwona yeye, mtu ambaye hawakuzoea kumfuata kwa lolote, wakainama walipokuwa. Rafu ya karatasi iliyo karibu na mlango ilianguka yote, marobota mazito kuliko mtu, mahali ambapo wangekuwa wamesongamana. Hakuna aliyekwaruzwa. Msimamizi wa kiwanda alimwita wifi atafsiri, kwa sababu alitaka kumwuliza Kovu alijifunza wapi. Kovu alimjibu kwa alama zile walizozitengeneza sebuleni kwangu, polepole, moja moja, na msimamizi akazirudia kwa vidole vyake vinene mpaka zikakaa sawa.

Habari hizo zilimfikia yule mtaalamu. Alipiga simu ya video akaomba ruhusa ya kuziweka zile video kwenye ukurasa wa kituo chao, pamoja na masomo yao mengine. Wifi alikubali kwa sharti moja: ziwe upya, viziwi wenyewe ndio wafundishe. Wakazirekodi tena, Kovu na yule mwalimu mbele, na wifi nje ya picha, akiwasemea kwa sauti ili wenye kusikia nao waelewe. Miaka yote mikono yake imekuwa ikibeba maneno ya wengine kwenda kwa viziwi. Kumsikia sasa anabeba ya Kovu kuja kwetu, kwa sauti tulivu isiyo ya ugomvi wake wa nyumbani, ilinifanya nisimamishe cherehani.

Siku hizi anatembea, anachechemea kidogo mvua ikikaribia. Bado anafungua ile mistari asubuhi. Juzi ulikuja ujumbe kwenye ukurasa wa kituo, video ya mwanamke kiziwi kutoka nchi ambayo tulilazimika kuitafuta kwenye ramani. Alama zake ni tofauti na za kwetu. Kovu na wifi walikaa kwenye kochi jioni nzima wakiirudia, wakibishana, wakikisia. Walielewa kwamba na kwao ardhi imetikisika. Walielewa kwamba anauliza swali. Swali lenyewe liliwashinda, mpaka yule mwanamke, kwenye video ya pili aliyoituma, alipolaza mkono mmoja ubapa na kuupitisha mwingine chini yake: alama ya wimbi aliyoibuni Kovu sebuleni kwangu.

Kovu alisimama mbele ya kitambaa cha bluu, akamwambia mume wangu apande kigodani, akaanza kumjibu.